Kuenenda kwa Roho kwenye mambo ya kila siku: tupeane uzoefu, hata pale uliposhindwa

Mama Upendo
Bwana asifiwe wapendwa. Mafundisho ya mwili (yaani tamaa zetu za dhambi) na Roho tumeyasikia sana. Leo naomba kila mmoja aseme lililompata yeye mwenyewe. Naanza mimi.

Tulikuwa kwenye mfungo wa kanisa, siku ya pili. Nikiwa najiandaa kwenda maombi ya jioni, binti anayenisaidia kazi akaunguza maharage. Maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Nikajifunga kitenge, nikabeba Biblia, nikaondoka.

Kule kanisani likasomwa Wagalatia 5, matendo ya mwili. Miaka yote orodha ile nilikuwa naisikia uasherati na ulevi, basi, na kwa hayo mawili najiona niko salama. Siku hiyo nikaihesabu kwa kidole. Ni mambo 15. Uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda: manane kati ya hayo ni ya jinsi tunavyokaa na watu. Mimi kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya, mwenye njaa ya siku mbili, nilikuwa nimeshayatenda kadhaa kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Nikarudi nikamkuta jikoni anakwangua lile sufuria kwa chuma cha kusugulia. Nikamwomba msamaha. Hakuinua macho. Akasema, "Sawa mama," akaendelea kukwangua. Binti huyu huwa anaimba akifua. Ilipita kama mwezi mzima ndipo nikamsikia tena akiimba. Mwezi ule ulinifundisha kuliko ule mfungo.

Dalali wa Viazi
Amina mama. Mimi naingia sokoni moja kwa moja.

Nanunua viazi vya Mbeya na Njombe, naleta Dar. Nimeokoka 2014. Kwa miaka minne baada ya kuokoka niliendelea kununua kwa lumbesa. Kwa wasioijua: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kilemba juu na kushonewa kamba, ila mkulima analipwa gunia moja. Imekatazwa kisheria, lakini shambani anayeshika hela ndiye anayesema.

Jumapili nanena kwa lugha, Jumatatu nasimamia vijana wanashindilia viazi kwa magoti. Na sikuona tatizo! Niliita biashara.

Siku moja mzee mmoja, baada ya gunia la tatu, alikaa chini akawa anatazama tu lile rundo lake linavyoisha. Hakulalamika. Nikasikia uzito kifuani, nikajua huyu ni Roho, kwa sababu mimi mwenyewe nisingemhurumia mtu kwa hasara yangu. Hata hivyo siku hiyo nilipakia nikaondoka. Nilitii msimu uliofuata. Nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikaanza kulipa kwa kilo. Mwenzangu tuliyechangia naye mtaji alijitoa, na faida ikashuka sana. Haijarudi ilipokuwa mpaka leo. Nasema hivyo kwa sababu shuhuda nyingi huishia na gari jipya.

Linalonisumbua ni wale wakulima wa miaka minne. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi hata majina yao sikuandika.

Mjukuu wa Mlokole
Ndugu dalali, umenikumbusha bibi yangu, Kagera. Alikuwa mtu wa ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda mpaka kwetu. Wale walikuwa wakiokoka wanarudisha vitu. Bibi alirudisha jembe la jirani aliyekuwa ameshahama. Alilibeba begani kutwa nzima akimtafuta. Na walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Ukiteleza unamwambia ndugu waziwazi, hulali nalo.

Nilidhani ni mambo ya wazee. Kumbe mimi mlokole wa kizazi cha tatu nilikuwa nabeti kwa siri. Nilifunga, niliomba, nilifuta programu kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Ada ya muhula wa mwanangu ikaondoka kwa usiku mmoja. Nilichofanya mwishowe ni cha bibi: nilimwambia mke wangu, kisha ndugu mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Kila Ijumaa jioni, kabla mechi hazijaanza, ananipigia anauliza neno moja tu: "Umebeti?" Tangu tuanze nimeanguka mara mbili, na zote nilimwambia. Zamani nilikuwa naombea nguvu ya kushinda peke yangu. Naona sasa Roho hakutaka niwe peke yangu.

Nesi wa Zamu
Kwa kifupi. Usiku wa manane mgonjwa akinitukana, sala ndefu sina. Nasimama mlangoni, pumzi moja, "Roho Mtakatifu, nisaidie," naingia. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Nimeishi kwa mstari huo.

Mjane wa Nakuru
Mimi bado sijashinda, lakini wacha niseme. Mume wangu alipofariki, shemeji alichukua shamba. Tuko kortini mwaka wa tano. Nimeambiwa kanisani kesi ni ya mwili, niiache, nikasomewa 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowakemea waumini wanaoshtakiana. Nimeliombea sana hili. Sijapata amani ya kuacha shamba la watoto. Lakini chuki nimeombwa niiache, hiyo najua. Mwezi uliopita tulikutana mazishini. Nilimpa mkono. Mkono ulitetemeka hadi nikauficha ndani ya leso. Mbele ya Mungu, hapo ndipo nimefika.

Mama Upendo
Dada yangu, pole. Mimi nasimama na wewe. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi, yaani hakimu, mara kwa mara akidai haki yake, na Yesu alimtumia kutufundisha kuomba bila kukata tamaa. Aliyekusomea Wakorintho angeanza kumsomea shemeji yako. Huo mkono uliotoa mazishini wengi hatujautoa.

Dalali wa Viazi
Narudi. Tangu nisome habari ya lile jembe sijalala vizuri. Leo asubuhi nimempigia kijana aliyekuwa ananipakilia mizigo miaka ile. Majina ya wengi hayakumbuki, ila yule mzee aliyekaa chini anamjua, na bado analima. Nimepiga hesabu ya vilemba vitatu. Hela yake nimeiweka pembeni. Jumatano napanda basi, maana jambo hili sitaki kulimaliza kwa kutuma kwenye simu. Niombeeni.