Shilingi ya Kenyatta iliyomegeka: nimwamini nani?

MuuzaKahawa
Assalam alaikum wandugu. Mimi huuza kahawa chungu Kibokoni, na tangu marehemu babu aniachie kopo la sarafu, ugonjwa huu umenishika. Sasa ninayo shilingi ya Kenyatta ya 1971, ukingo umemegeka kama biskuti iliyoumwa na mtoto. Video moja yasema ni laki mbili. Jamaa mmoja wa vitu vya kale kaitupia jicho tu: "Hiyo imekatwa kwa koleo, nikupe mia tatu." Sasa ikiwa ni takataka, mia tatu za nini?

FundiSaa
Waalaikum salam. Usiuze. Tazama ukingo ulio mkabala na pengo, si pengo lenyewe. Kiwandani, bamba la chuma likisogea vibaya, kikato hupitia tundu la kipande kilichotangulia, kipande kikatoka kimeliwa mviringo. Kikiingia mashine ya kuinua ukingo, penye pengo hapana cha kubana, kwa hivyo ng'ambo ya pili nako ukingo hauinuki sawasawa. Si kila mara, lakini mara nyingi. Koleo haliwezi kuiga hayo. Halafu ipime na nzima ya aina ileile. Mtu asiyekueleza kosa limetokea vipi, bei yake usiisikize.

BintiMajengo
Kaka, mimi niliuziwa senti kumi ya tundu ya 1936, muuzaji akiapa ni kosa, eti Edward VIII wa Uingereza, ambaye jina lake limo, hakuvishwa taji. Kweli hakuvishwa, lakini alikuwa mfalme mpaka alipoachia kiti Desemba, na sarafu ya tundu haihitaji kichwa, yatosha jina. Katalogi ya Krause, kile kitabu cha orodha ya sarafu za dunia, imeiweka pamoja na sarafu za kawaida. Nilikuja kuifungua pesa zishatoka! Na mnadani mtandaoni tazama zilizouzwa, usitazame zinazoombewa bei. Kuomba hata mimi naweza kuomba milioni.

MuuzaKahawa
Nimetoka kwa sonara Mji wa Kale sasa hivi, kanipimia bure kwa vikombe viwili vya kahawa. Yangu imepungua karibu nusu gramu kwa mwenzake. Na ule ukingo wa mkabala, wallahi, umelala kama uliopigwa pasi, kidole chapita bila kukwama. Laki mbili nimeshazisahau. Lakini yule bwana wa koleo kapiga simu mara tatu tangu asubuhi, sasa yuko elfu moja.

FundiSaa
Usishike simu. Tupe picha, pande zote mbili na ukingo.