Eti Rubinstein "alikuwa mwoga"! Wakuu, nimechefukwa

Wakuu, nimerudi klabuni sasa hivi, hata chai haipiti. Yule jamaa (wote mnamjua, mwalimu wa sataranji asiyemaliza mchezo bila kurudisha kete) kasimama mbele ya vijana akatamka kwamba Akiba Rubinstein, yule gwiji wa sataranji wa Poland, "alikuwa mwoga, ndiyo maana hakuwa bingwa wa dunia."

MWOGA! Na watoto wakaandika kwenye madaftari!

1912 peke yake kabeba mashindano ya San Sebastián, Pistyan, Warsaw na Vilnius, na Breslau kagawana nafasi ya kwanza na Duras. St. Petersburg 1909 alimfunga Lasker, bingwa mwenyewe, wakamaliza sawa kileleni. Pambano lao la taji lilikuwa linapangwa kwa 1914, vita vikalipuka. Mlitaka azuie mizinga kwa vitunda, vile vikete vidogo vya mbele?

Nikamwambia afungue mchezo wa Łódź 1907 dhidi ya Rotlewi. Malkia wa Rubinstein yuko mraba wa h4, kitunda cha Rotlewi cha g3 kinamtolea macho. Rubinstein anamwacha aliwe! Ngome inakula farasi c3, ya pili inaingia d2, hatua ya 25 ngome inatua h3, Rotlewi anasalimu amri. Jamaa kaangalia ubao, akasema, "Mwoga tu, alikuwa anaogopa hata watu."

Ule ulikuwa UGONJWA! Na akiwa nao, Olimpiadi ya sataranji ya Hamburg 1930, meza ya kwanza ya Poland, kapata pointi 15 kati ya 17 bila kufungwa hata mara moja, Poland ikabeba dhahabu. Mwoga!

Mzee wa Sare: Kwa hiyo umegombana na mtu mzima kwa ajili ya marehemu wa 1961? Oga ulale mkuu.

Ngome Pweke: Huyo jamaa simshangai. Aliazima saa yangu ya mashindano, mpaka leo ukimuuliza anakwambia "iko kwa fundi".

Binti Farasi: Mnamlilia Rubinstein, Schlechter je? Pambano la taji la 1910 katoka 5–5 na Lasker, taji likabaki kwa Lasker. Huyo ndiye aliyeonewa.

Mzee wa Sare: Schlechter na sare zake? Ile ni dawa ya usingizi.

Binti Farasi: Kwa jina lako hilo, ungekaa kimya.

Mleta uzi: Wakuu mnatoka nje ya mada. Kasema MWOGA. Mbele ya watoto!

Ngome Pweke: Tumesikia mkuu. Hiyo saa ilikuwa mpya, hata nailoni sikuwa nimeitoa.

Kitunda cha Pembeni: Hata mimi kaazima ubao wangu wa mbao. Ulirudi bila askofu mmoja, sasa tunachezea kizibo cha soda.

Binti Farasi: Kumbe kile kizibo ni askofu?! Jumamosi mimi nilikitupa.

Kitunda cha Pembeni: Wewe ndiye uliyekitupa? Njoo inbox.