Mbuzi wa Tramuntana: wapunguzwe au waachwe?

Wakuu, naleta hoja ya Mallorca, Uhispania. Kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho kuna safu ya Serra de Tramuntana, milima ya mawe ya chokaa ambayo mvua imeitoboa ikafanya mapango na makorongo. Kilele chake, Puig Major, kinapita mita 1,400. UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, hasa kwa ajili ya matuta ambayo wakulima waliyajenga kwa mawe matupu, bila saruji, wakapanda mizeituni.

Mbuzi walioachwa huko wamezaana kupita kiasi. Wanamaliza miche, na mimea kadhaa isiyoota kwingine duniani imekimbilia kwenye nyufa za magenge. Wakipita juu ya kuta huangusha mawe, na ukuta ukibomoka, mvua inaondoka na udongo.

Mimi nasema wapunguzwe, ila tuanze na kitanzi kabla ya bunduki. Wenyeji wana uwindaji wao wa jadi: mbwa humbana mbuzi gengeni, mwindaji anapanda mwambani na kumnasa kwa kitanzi akiwa hai. Inauma kuona ujuzi kama huo unasahauliwa wakati kazi ipo.

Mchangiaji mmoja kaniuliza: *Mkuu, na tumbusi weusi watakula nini? Halafu kisiwa kilikuwa na Myotragus, mnyama wa jamii ya mbuzi. Mbuzi hawa wamerithi nafasi yake tu.*

Kwa tumbusi uko sahihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibaki kisiwani kama 20 tu, na mizoga ya mbuzi ni chakula chao. Ndiyo maana sisemi mbuzi wamalizwe.

Kwa Myotragus sikubali. Yule alikaa na mimea ile kwa mamilioni ya miaka, akatoweka binadamu alipofika. Mbuzi kaja na binadamu. Mtazame chura mdogo wa huko, ferreret: wataalamu walimjua kwanza kwa mifupa ya kale, ndipo akaonekana hai kwenye makorongo karibu na mwaka 1980. Amesalia pale ambapo nyoka wa maji aliyeletwa kutoka nje hafiki kwa urahisi. Mimea nayo imejificha vivyo hivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya milima ni mashamba ya watu binafsi, na wapo wanaowatoza wageni fedha kuja kuwinda mabeberu wenye pembe kubwa. Mwenye shamba wa namna hiyo atakubali mbuzi wake wapungue? Hapo ndipo naomba michango yenu.