Tupeane uzoefu: videge wahamaji mliowaona alasiri

Wadau, kila mtu huniambia ndege ni wa alfajiri. Kazi hainiruhusu, kwa hiyo mimi huenda msitu wa Karura, Nairobi, saa kumi alasiri. Novemba iliyopita mvua ilikatika ghafla, kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini. Kwenye tawi kavu kulikuwa na kidege cha rangi ya vumbi, kifuani michirizi hafifu. Kinaruka, kinadaka, kinarudi tawi lilelile. Nilihesabu mara kumi na moja nikachoka mimi. Huyo ni "spotted flycatcher", kazaliwa Ulaya au Asia, anakuja kushiba huku. Haya, leteni zenu.

Mama Wawili, Moshi
Yangu ni ya Machi. Naanua nguo, nasikia juu ya mgrivea sauti laini inateremka, inateremka, mpaka inazimika. Nikadhani kinda la chozi. Kumbe ni kale ka kijani-manjano, "willow warbler", gramu kumi hivi, kanakotaga huko Ulaya na Siberia. Tangu Oktoba kalikuwa hapo uani kakisema "hu-iit" tu. Kuimba kakangoja siku za kuondoka!

Darubini ya Kuazima
Mkuu, mimi nilishikwa na mlinzi wa jengo moja nusu saa nzima, nimtaje ninayempeleleza. Nikampa darubini aangalie mwenyewe. Akamwona mbayuwayu. Kunirudishia ikawa kazi.

Mtanga wa Mbali
Nipo Malmö, Uswidi. Juni, saa kumi na moja jioni, jua bado kali. Napita kando ya mfereji, kwenye majani yale yanayowasha, nasikia shore. Shore wa kwetu Tanga kabisa! Nikasimama kama mwizi. Mara sauti ikageuka, ikawa ya ndege mwingine, halafu mwingine. Alikuwa kidege cha kahawia, hana hata doa la kumtambulisha. Huyu, "marsh warbler", huokota nyimbo za ndege wa Afrika akiwa huko, akirudi kaskazini anazichanganya na za Ulaya. Ndiye yule anayenaswa kwa wingi kwenye hoteli ya Ngulia, hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, usiku wa ukungu, Novemba na Desemba. Taa za hoteli huwavuta, watafiti wanawavisha pete mguuni na kuwaachia. Kazi hiyo ipo tangu 1969.

Nilimrekodi, nikamtumia mama. Akajibu: "Mwanangu, huyo shore wenu ana mafua."