Watu wanatenganisha taka, gari linakuja kuzichanganya tena: kiongozi afanyeje?

MwenyekitiMgeni ameuliza:

Wakuu, salaam. Nimechaguliwa kuongoza kamati ya mazingira ya eneo letu. Kazi ya kujitolea, haina posho. Tulianza na semina, kila kaya ikaambiwa iwe na ndoo mbili, moja ya taka zinazooza na nyingine ya taka kavu. Watu waliitikia vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha likaja gari la taka, vijana wakabeba ndoo zote mbili na kuzimimina pamoja, mwenye nyumba amesimama mlangoni anatazama. Sasa kila nikipita naulizwa, "Mwenyekiti, tunatenganisha ili iweje?"

Tumeomba gari lenye vyumba viwili, tumejibiwa bajeti haipo. Kwenye kamati wapo wanaotaka tuchangishane tununue mashine ya kusaga plastiki, na wapo waliokwisha kata tamaa. Uchumi wa mzunguko, yaani vitu kutumika tena na tena badala ya kutupwa, tunausikia kwenye makongamano. Mtu wa ngazi ya chini kabisa aushike wapi?

Jiwe_la_Pembeni:

Bila sheria na faini mnajisumbua tu. Watu hawaogopi semina.

MwekaHazina:

Jiwe, hao watu wametenganisha bila faini, umesoma swali kweli?

Dada mwenyekiti, pole, na hongera pia. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kinachokusanya na kuuza taka, kwa hiyo nitakujibu kwa macho ya daftari la fedha.

Ninyi mmeanzia kwenye ndoo. Ningekuwa mimi ningeanzia kwa mnunuzi. Kabla ya kumwambia mtu atenganishe chochote, mfuate anayenunua chupa, anayenunua maboksi na anayenunua chuma chakavu. Muulize anachukua kuanzia kilo ngapi, anakuja mwenyewe au anapelekewa, analipa papo hapo au mpaka naye auze, na kitu gani kikiwemo anakataa mzigo. Hilo la mwisho ndilo lenye hela. Kuna mnunuzi alikuja kwetu, akachoma kisu kwenye robota la chupa, akachomoa moja iliyobakiwa na mafuta ya kupikia, akaiinamisha mafuta yakatiririkia zile nyingine. Hakubishana na mtu. Alitaja bei mpya ya robota zima, tukapokea. Siku hizi kina mama wa meza ya kuchambulia hunusa chupa kabla ya kuibana.

Wafundishe watu kugeuza chombo na kutazama ile pembetatu yenye namba, inayoonyesha aina ya plastiki. Namba 1, chupa za maji na soda, na namba 2, madumu na chupa za shampuu, kwa kawaida zina soko. Namba 5, kama vikopo vya mtindi, inategemea ulipo. Vile vipakiti vinavyong'aa, vya tabaka za plastiki na alumini zilizogandana, karibu hakuna anayevitaka, na usiwaahidi watu kwamba vitakuwa matofali au vikapu. Vichache vitakuwa. Isatou Ceesay na wanawake wenzake kule N'jau, Gambia, walianza mwaka 1997 kuosha mifuko ya plastiki, kuikata nyuzi na kuifuma pochi, na kazi yao naiheshimu sana. Lakini kule kulikuwa na mikono inayojua kufuma na watu wa kununua pochi. Usiige pochi, iga ule uangalifu wa kujua una nini mkononi na nani atakinunua.

Sasa gari. Usigombane nalo, lipunguzie mzigo. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka kwa uzito ni mabaki ya jikoni na majani. Hayo ndiyo yanayonuka, ndiyo yanayovuta nzi, ndiyo yanayolowesha maboksi mpaka hakuna wa kuyanunua. Yakifukiwa dampo pasipo hewa yanatoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa. Mabaki hayo yakiishia huko huko kwenu, ndoo inayobaki ni kavu. Kavu haiozi. Inaweza kumsubiri mnunuzi, na gari litachukua kile tu kisicho na mwenyewe.

Mboji haina uchawi. Kwa ndoo moja ya mabichi weka mbili au tatu za makavu: majani yaliyokauka, vumbi la mbao, maboksi yaliyochanwa. Mbao zenye dawa usizikaribishe. Geuza, acha unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Lundo zima likifika nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi na kukaa hapo siku kadhaa, vijidudu vingi vya magonjwa na mbegu za magugu hufa. Likinuka kama yai viza, limelowa na limekosa hewa: ongeza makavu, geuza. Nyama na mafuta yakae mbali, panya hawahitaji semina.

Mji mdogo wa Kamikatsu, Japani, ulitangaza mwaka 2003 kwamba unataka kufikia taka sifuri, yaani kutochoma wala kufukia taka yoyote, ifikapo 2020. Wageni husifia makundi yao zaidi ya 40 ya uchambuzi. Mimi kinachonigusa ni kwamba hawana gari la kupita nyumba kwa nyumba: watu hupeleka wenyewe kituoni, na mabaki ya jikoni wanamalizana nayo nyumbani. Sifuri hawakuifikia, walifika kurejeleza kama asilimia 80 ya taka zao. Ningekuwa kwenye kamati yao ningelala usingizi mzuri tu.

Na mashine msinunue. Inataka umeme, vipuri, fundi, na mzigo wa kutosha kila siku ili isikae bure. Nunueni mizani. Mnunuzi anayepima kwa mizani yake peke yake atawatajirisha kwa maneno.

Fundi_Mstaafu:

Nakubaliana na mweka hazina, ila nyote mnazungumzia kitu kikishakuwa taka. Pasi, redio, viti, baiskeli, hivyo havijafika huko. Martine Postma alianzisha Repair Café ya kwanza Amsterdam mwaka 2009 kwa jambo jepesi: siku inayojulikana, meza, mafundi wa kujitolea, na mwenye kifaa anakaa pembeni ya fundi akitazama. Hilo la kukaa pembeni msilipuuze. Nusu ya pasi ninazoletewa zina waya uliokatika pale unapoingilia kwenye mpini, na mtu akiona mara moja hatupi tena. Dada, mafundi wastaafu wako wengi, tumekaa tu.

MwenyekitiMgeni:

Asanteni sana. Fundi, nitakutafuta. Mweka hazina, kuna jambo sikulisema: wapo waokota taka ambao siku zote hupita kabla ya gari na kufungua mifuko. Wanakamati wanasema wanachafua, wanataka tuwazuie.

MwekaHazina:

Msithubutu. Hao ndio wataalamu wenu. Wanajua bei ya leo, mnunuzi anayepunja, na plastiki ipi inaelea majini na ipi inazama. Wanafungua mifuko kwa sababu mali imefungiwa ndani pamoja na uchafu. Wakikabidhiwa ndoo kavu mlangoni, hawatakuwa na sababu ya kuchana kitu.

Kule Pune, India, waokota taka waliunda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1993, na baadaye ushirika wao wenyewe, SWaCH, ukaingia mkataba na manispaa. Wanachama wanapita mlango kwa mlango, kaya inawalipa ada ya kila mwezi, na mali inayouzika wanaiuza wao. Wewe waite kikaoni. Wape kiti cha mbele, wasisimamishwe ukutani kama mashahidi.

Kisha fuata alichofanya Rossano Ercolini, mwalimu wa shule ya msingi kule Capannori, Italia. Alianza kwa kupinga tanuri la kuchomea taka, na mwaka 2007 mji wake ukawa wa kwanza Ulaya kutangaza mkakati wa taka sifuri. Mwaka 2010 wakafungua kituo cha kuchunguza mabaki, yaani kile kinachobaki kwenye mfuko baada ya kila kitu kuchambuliwa. Kapsuli za kahawa, vile vikopo vidogo vinavyowekwa kwenye mashine na kutupwa baada ya kikombe kimoja, zikaonekana nyingi mno, wakaanza kuzungumza na watengenezaji. Na ninyi chukueni mifuko michache ya mabaki, mwageni kwenye turubai, hao waokota taka wawaambie kilichomo na kwa nini hakiuziki. Mtapata orodha ya kumpelekea mwenye duka na mwenye kiwanda, badala ya kumlaumu mama wa nyumbani kila mkutano.

MwenyekitiMgeni:

Nimeelewa. Mnunuzi kwanza, mizani, na kikao na waokota taka. La mwisho: fedha zikianza kuingia, hesabu zisomwe lini?

MwekaHazina:

Kila mwezi, mbele ya watu wote, kilo na shilingi, hata mwezi ambao hakikuuzwa kitu. Na asiyeshika fedha ndiye asome.