Kocha wa grupu letu la fantasi alituambia tusimnunue Haaland, kumbe yeye anaye tangu wiki ya kwanza

Wakuu, salaam.

Nimejizuia siku tatu nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Nafungua uzi huu na naomba wanaocheza fantasi ya EPL (ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani) wausome mpaka mwisho kabla hawajasema "si mchezo tu huo". Ungekuwa mchezo tu kama hela za watu zisingehusika.

Grupu letu lina watu 41. Kuna jamaa tunamwita Kocha, kila mwezi tunamtumia shilingi 5,000 kwa simu ili atuchambulie wachezaji: nani anunuliwe, nani auzwe, nani apewe unahodha. Mbali na hiyo tuna ligi yetu ya ndani, kiingilio 30,000 kwa msimu mzima, na hela zote anazishika yeye. Na yeye mwenyewe ni mshiriki wa hiyo ligi. Jina lake silitaji hapa. Walio kwenye grupu wanamjua, na yeye akisoma atajijua.

Turudi Agosti 2024. Msimu ulianza Ijumaa tarehe 16, Man United na Fulham, na timu zilitakiwa ziwe zimefungwa (baada ya hapo hubadilishi tena kikosi cha wiki hiyo) saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Kuanzia Jumatano Kocha alikuwa anamwaga sauti kwenye grupu, moja ina dakika tisa. Hoja yake ilikuwa hivi: Haaland, straika wa Man City, mwaka huu bei yake ni milioni 15 (hela ya kwenye mchezo, kila mtu ana milioni 100 za wachezaji 15), wakati msimu wake wa kwanza alianza na 11.5 na uliofuata 14. Ukimchukua unabaki na milioni 85 ya watu 14, yaani kama milioni sita kwa kichwa, unajaza timu na wachezaji wa kubahatisha. Akasema hela hiyo igawanyeni kwa Salah 12.5, Palmer 10.5, Saka 10 na Watkins 9. Watkins msimu uliopita alikuwa na magoli 19 na asisti 13, Palmer magoli 22 na asisti 11. Nyuma wekeni Gabriel wa Arsenal, milioni 6.

Nasema ukweli, hoja ilikuwa na kichwa na miguu. Niliisikiliza mara mbili, nikaandika timu kwenye daftari, nikamsaidia na mdogo wangu kupanga ya kwake. Mdogo wangu anauza vifuniko vya simu barabarani, ile 30,000 aliitoa kwenye faida yake ya wiki nzima. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye hili grupu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pointi zangu.

Wiki ya kwanza Haaland akafunga moja pale Chelsea. Sio mbaya, Salah naye alifunga na kutoa asisti kwa Ipswich, Saka vilevile goli na asisti kwa Wolves. Watkins hakufanya kitu, akatolewa, akaingia Duran akafunga. Kocha akasema tulieni.

Wiki ya pili City na Ipswich, saa kumi na moja jioni. Ipswich wakatangulia kufunga, na sisi tusio na Haaland tukashangilia kama tumefunga sisi. Dakika ya 12 penalti, goli. Dakika ya 16 akaongeza. Dakika ya 88 akamalizia la tatu. Kesho yake Palmer alitupoza kidogo, Chelsea waliwapiga Wolves 6-2, akafunga moja na kumpa Madueke pasi zote tatu za magoli yake. Watkins? Kakosa nafasi mbili za wazi mbele ya Arsenal, moja kipa wao Raya kaitoa ukabaki unajiuliza kaifikiaje.

Wiki ya tatu ndiyo sitaisahau. Kocha alisema unahodha apewe Saka kwa sababu Arsenal wako nyumbani na Brighton. Rice wa Arsenal akala kadi nyekundu, mechi ikaisha 1-1. Saa moja na nusu usiku tupo kwenye banda Tandika tunaangalia West Ham na City, mimi na mdogo wangu kwenye benchi la mbele kabisa, daftari kaliweka mapajani anahesabu pointi kwa kalamu. Haaland dakika ya 10. Haaland dakika ya 30. Pembeni yetu kuna kijana kampa unahodha, kila goli linalofungwa anasimama. Dakika ya 83 Haaland akapiga la tatu, hat-triki ya pili mfululizo, na mdogo wangu akafunga daftari. Hakusema neno. Straika akifunga anapata pointi 4 kwa goli, matatu ni 12, mbili za kucheza, tatu za bonasi ya kung'ara kwenye mechi, jumla 17. Nahodha zinazidishwa mara mbili, 34. Mchezaji mmoja, wiki moja. Sisi hapo tuna sifuri, na wanaotuzidi kwenye msimamo karibu wote wanaye.

Ligi ikasimama wiki mbili kupisha timu za taifa. Kocha akarudi na sauti nyingine: tumekosea kidogo, Haaland lazima aingie. Njia aliyotupa ni hii: toa Watkins, toa Palmer, toa Gabriel. Ingiza Haaland, ingiza Semenyo, ingiza beki wa bei ya chini. Mabadiliko matatu wakati tuna moja tu la bure na kila la ziada ni pointi 4, kwa hiyo pointi 8 zinakatwa kabla mpira haujaanza. Kuhusu Palmer alisema, na hapa nanukuu nilivyoandika kwenye daftari, "Chelsea wana kikosi kikubwa na wana mechi za Ulaya, Palmer atakuwa anapumzishwa."

Wakuu, kabla ya wiki hiyo ya nne Chelsea walikuwa wameshatangaza majina ya Conference League, ndiyo hizo mechi zao za Ulaya, na Palmer hayumo. Kaachwa makusudi. Maana yake ana nguvu zote kwa ajili ya ligi. Mtu anayelipwa kwa kazi ya kuchambua alitakiwa alijue hilo kabla yangu mimi ninayeshinda dukani. Mimi nimelijua Oktoba, nikiwa natafuta pa kupeleka hasira.

Kilichotokea mnakijua. Wiki ileile tuliyomtoa Watkins, akafunga mawili kwa Everton. Wiki ileile tuliyomtoa Gabriel, akafunga goli pekee pale Tottenham, na Arsenal hawakufungwa. Beki akifunga ni pointi 6, klinishiti (timu yake isipofungwa) ni 4, hapo bado hujahesabu bonasi. Jumapili iliyofuata akafunga tena, nyumbani kwa City. Haaland naye alifunga, siwezi kudanganya, mawili kwa Brentford na moja kwa Arsenal, akafikisha magoli 10 katika mechi 5. Lakini tuliingia kwenye basi wakati linakaribia kituo cha mwisho, tena kwa nauli ya kulanguliwa.

Kisha Jumamosi ya tarehe 28 Septemba. Saa nane na nusu mchana City wako Newcastle, Haaland ana unahodha wangu. Sare ya 1-1, katoka mikono mitupu. Saa kumi na moja Chelsea na Brighton. Palmer dakika ya 21. Dakika ya 28 penalti. Dakika ya 31. Dakika ya 41. Magoli manne kabla ya mapumziko, hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kwenye historia ya EPL. Pointi 25. Nilikuwa nimemuuza wiki mbili nyuma kwa ushauri niliolipia.

Mpaka hapo nilikuwa naumia tu, sijamlaumu mtu. Watkins alitudanganya wengi. Hakuna aliyejua Palmer atapiga manne. Fantasi ndivyo ilivyo na mimi sio mtoto.

Kilichonifikisha hapa ni Jumapili ya tarehe 6 Oktoba. Jana yake City walikuwa wamewafunga Fulham 3-2, Kovacic kafunga mawili, Haaland hana kitu kwa wiki ya pili. Usiku Kocha kaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: NILIWAAMBIA TANGU AGOSTI HAALAND NI MTEGO. Mdogo wangu akaniuliza swali moja tu: "Kaka, hivi yeye mwenyewe kikosi chake kikoje?"

Kwa wasiojua, timu ya mtu yeyote unaiona. Ukishapita muda wa kufunga timu, unafungua msimamo wa ligi, unabonyeza jina la timu yake, kikosi kinakuja, na unaweza kurudi nyuma wiki hadi wiki. Miezi miwili hakuna aliyewahi kubonyeza. Tulimwamini.

Tukabonyeza. Wiki ya kwanza: Haaland, ana C ya unahodha. Wiki ya pili: Haaland, C. Wiki ya tatu: Haaland, C. Tukarudi mbele. Wiki ya nne, ile aliyotukatisha pointi 8: hajafanya badiliko hata moja. Palmer yupo. Gabriel yupo. Watkins hajawahi kuwa naye, Salah hajawahi kuwa naye. Wiki ya sita C kaitoa kwa Haaland kaiweka kwa Palmer. Pointi 50 za mtu mmoja.

Nilikaa nimeishika ile simu mpaka kioo kikazima chenyewe.

Kwa hiyo ile sauti ya dakika tisa aliirekodi wakati timu yake ina Haaland ndani. Aliwauzia watu 40 kitu ambacho yeye mwenyewe hakuthubutu kukila, kisha akashindana nao kwenye ligi yenye shilingi 1,230,000 anazozishika yeye. Yuko wa kwanza. Mimi ni wa 33, mdogo wangu wa 36. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji anajua fika kilichomo.

Nilimfuata pembeni kwanza, kwa heshima, maana kanizidi umri. Nikaandika, "Shikamoo Kocha, naomba ufafanuzi kuhusu kikosi chako cha wiki ya 1 hadi ya 4." Alama mbili za bluu, kimya. Dakika kumi baadaye sauti zote za Agosti kwenye grupu zimefutwa. Nikauliza kwenye grupu. Akajibu kwamba kila mtu anabonyeza kwa kidole chake na hakuna aliyelazimishwa. Mdogo wangu akatuma skrinishoti nne. Akaondolewa kwenye grupu usiku uleule, pamoja na mwanachama mwingine aliyeuliza habari za hela.

Naomba niijibu hoja ya kidole kwa sababu kuna watu wameanza kuirudia. Ndiyo, nilibonyeza mwenyewe. Lakini nilikuwa namlipa nikiamini anachosema ndicho anachokiamini. Angesema "mimi ninaye Haaland ila mwenye kutaka kuthubutu amwache", hakuna ambaye angemlaumu. Angekosea na sisi, tungezama naye na mpaka leo tungekuwa tunamwita Kocha kwa moyo mweupe. Mshauri anayepata faida ukikosea haitwi mshauri. Na hawezi kuwa mshika hela.

Kingine, tangu msimu uanze hajawahi kumtaja Mbeumo hata mara moja. Milioni 7 tu, magoli 6 katika mechi 7 za mwanzo, ndiye aliyekuwa anapiga penalti za Brentford msimu huo. Luis Díaz milioni 7.5, matano katika mechi tano za kwanza. Hawa ndio watu wa kumtajia mwenye bajeti iliyobana, na hawa ndio wangetufikishia Haaland bila kukatwa pointi. Nikiangalia kikosi chake, Mbeumo anaye tangu wiki ya pili.

Ninachotaka ni hivi. Hela za ligi zihamishiwe kwa mtu mwingine ambaye wanachama watamchagua, na ionekane kwenye grupu kwamba zimehama zote. Waliotolewa warudishwe. Ada za Agosti na Septemba azirudishe kwa kila atakayeomba, na yeye asiwe na haki ya zawadi ya ligi ambayo alikuwa anawapangia wapinzani wake vikosi. Zile sauti alizofuta tunazo, watu watatu walizipakua.

Wenzangu wa grupu mnaosoma humu, fungueni vikosi vyake wenyewe kabla hajabadilisha maneno, wiki ya 1 mpaka ya 7, haiwezekani kuvifuta. Na wadau wengine mlioko kwenye ligi za kuchangishana, naomba uzoefu wenu: hela mnaziweka kwa nani na mmeandikishana vipi?

Ligi inarudi Jumamosi tarehe 19, timu zinafungwa saa saba mchana. Nimempa mpaka muda huo.