Wayazidi: roho hubadili shati, mbona mtoto hapokelewi?

Wadau, hili tulijadili bila jazba.

Wayazidi, jamii yenye dini yake kaskazini mwa Iraki, wanaamini mtu akifa roho yake haipotei, inabadili shati tu. Nasaba ndiyo haibadiliki. Huwi Myazidi mpaka baba na mama wote wawe Wayazidi, na mtu wa nje hana mlango wa kuingilia. Wana kisa chao: Adamu na Hawa walibishana mtoto hasa ni wa nani, kila mmoja akaweka mbegu yake mtungini. Wa Hawa kufunguliwa, wadudu. Wa Adamu, mtoto mzima, Shehid bin Jer, na wao ndio kizazi chake.

Agosti 2014 ISIS, wapiganaji waliojiita Dola ya Kiislamu, wakavamia Sinjar, eneo la Wayazidi, na kuteka maelfu ya wanawake na wasichana, wakawauza utumwani. Kwa mila, aliyelala na mtu wa nje, hata kwa kulazimishwa, alihesabiwa ameshatoka. Baba Sheikh, mkuu wao wa kiroho, akatamka kwamba wanaorudi wapokelewe, wakaoshwa kwa maji ya chemchemi ya Lalish, hekalu lao kuu. Kasheshe ni watoto waliozaliwa huko. Aprili 2019 baraza la kiroho lilitoa tamko, watu wakaelewa nao wanakubaliwa; siku chache baadaye likafafanua kuwa waliotokana na ubakaji hawamo. Wako akina mama waliowaacha watoto wao kwenye vituo vya yatima ili wao warudi kwao.

Kijiweni mzee mmoja kanijibu, "Kitanda hakizai haramu." Shikamoo mzee, lakini kitanda kipi? Methali hiyo inamkinga mtoto wa ndani ya ndoa. Kule palikuwa na mnada wa watu.

Mimi nasema maji yaliyomrudisha mama yangetosha na kwa mtoto. Mila ilishapindishwa mara moja, haikuvunjika. Ila wanaowashukia wazee peke yao wanaisahau serikali. Kwa sheria ya Iraki, mtoto wa baba Mwislamu huandikwa Mwislamu. Bibi akikubali kumlea mjukuu Sinjar, kitambulisho bado kitambandika dini waliyojinasibu nayo watekaji wa mama yake. Sheria ya manusura ya 2021 inawapa wanawake hao malipo ya kila mwezi. Watoto hawa haikuwagusa.

Ndiyo maana ningeanza na kitambulisho, kisha ndiyo niende Lalish kuwabembeleza wazee. Anayeona nimegeuza mambo kichwa chini aje na hoja.